Aliyemaliza mkataba wake amemsaliti nani?

Ndugu msomaji, neno “msaliti” ni neno zito. Katika mafundisho tuliyokulia, khiyana ni kinyume cha amana, na anayehini amana hutajwa katika hadithi mashuhuri pamoja na muongo na mvunja ahadi kuwa ni watu wenye alama za unafiki. Kwa hiyo anayemwita mwenzake msaliti amemtuhumu kwa jambo kubwa katika tabia na imani yake, na tuhuma kubwa hudai ushahidi. Ajabu ni kwamba siku hizi neno hilo limekuwa jepesi mdomoni. Linatamkwa kwenye vibanda vya video kila Jumamosi jioni, linatamkwa mabarazani, linatamkwa hata na vijana wanaotoka moja kwa moja msikitini kwenda kutazama mpira.

Huenda baadhi ya wasomaji wakauliza: mwalimu wa dini na mpira wa Uingereza, wapi na wapi? Jibu langu ni kwamba katika kufundisha somo la mikataba na ahadi nimeona mfano wa mpira unafika haraka kwa vijana kuliko mfano wa ngamia na tende. Na mfano ninaoupenda zaidi ni wa beki wa Kiingereza, Sol Campbell. Vijana walioanza kutazama mpira baada ya yeye kustaafu wamelisikia jina lake kwa kaka zao, na mara nyingi wamelisikia likiwa limefungamanishwa na neno lile lile, msaliti. Zaidi ya miaka 20 imepita tangu afanye alichofanya, lakini kesi yake haijafungwa katika vinywa vya watu. Leo nataka tuifungue na tuipime kwa mizani.

Campbell alizaliwa Septemba 1974 mashariki mwa London, kitinda mimba katika familia ya watoto 12 ya wazazi waliotoka Jamaica. Aliingia klabu ya Tottenham Hotspur, ya kaskazini mwa jiji hilo, akiwa kijana mdogo, wakamlea na kumfundisha. Desemba 1992 alicheza mechi yake ya kwanza katika kikosi cha wakubwa, dhidi ya Chelsea, na akafunga bao. Miaka iliyofuata akawa nguzo ya ulinzi, mtu mwenye mwili mkubwa na mbio, na hatimaye nahodha. Mwaka 1999 aliinua Kombe la Ligi baada ya Tottenham kuifunga Leicester City bao 1-0. Hilo ndilo kombe kubwa pekee alilolipata katika miaka yake yote pale, ingawa alicheza mechi 255 za ligi na tayari alikuwa beki wa kutegemewa wa timu ya taifa ya England.

Msimu wa 2000/2001 Tottenham ilimaliza ligi ikiwa nafasi ya 12. Majirani zao Arsenal, ambao uwanja wao wa wakati ule ulikuwa kilomita sita au saba tu kutoka hapo, walimaliza wa pili na walikuwa wakicheza Ligi ya Mabingwa Ulaya. Uhasama wa klabu hizi mbili ni wa tangu 1913, Arsenal ilipohama Woolwich, kusini mashariki mwa London, ikaja kuweka makazi jirani na Tottenham. Yaani mjukuu hurithi chuki ya babu yake kama anavyorithi nyumba.

Majira ya joto ya 2001 mkataba wa Campbell ulikwisha. Alikuwa na miaka 26. Tottenham ilimpa mkataba mpya, hakuutia saini. Klabu za nchi nyingine ziliripotiwa kumtaka, nako hakwenda. Mwezi Julai Arsenal iliwaita waandishi wa habari, na wengi wao walidhani wanakwenda kuonyeshwa kipa mpya, Richard Wright. Aliyeingia chumbani alikuwa Sol Campbell. Arsenal haikulipa hata pauni moja ya ada ya uhamisho.

Novemba mwaka huo aliporudi kwenye uwanja wa Tottenham akiwa na jezi ya Arsenal, alipokewa kwa kelele za chuki, mabango, na maputo yaliyoandikwa “Yuda”, jina la mwanafunzi ambaye kwa mujibu wa Injili za Wakristo alimuuza Yesu kwa vipande vya fedha. Mechi iliisha sare ya 1-1. Jina lile halikuisha.

Sasa tuulize: alimsaliti nani, na kwa kuvunja kitu gani?

Tuanze na mkataba. Aya ya kwanza ya Suratul Maida inawaamrisha waumini kutimiza mikataba, na kanuni ya fiqhi ni kwamba watu hufungwa na masharti waliyokubaliana. Mkataba una mwanzo na una mwisho. Anayeutimiza mpaka siku ya mwisho ametimiza, haulizwi tena. Campbell hakukimbia katikati ya mkataba, na hakugoma kucheza ili auzwe, kama tulivyoona kwa wachezaji wengi baada yake. Alifanya kazi mpaka siku aliyokubaliana na mwajiri wake, kisha akaondoka. Kwa upande huu hakuna cha kumdai.

Na haki hiyo ya kuondoka haikuanguka kutoka mbinguni. Watu waliipigania. Kwa miaka mingi klabu za England zilikuwa na utaratibu wa kumshikilia mchezaji hata baada ya mkataba wake kwisha. George Eastham, mchezaji wa Newcastle United, alitaka kuondoka mwaka 1960 na klabu ikakataa kumwachia, ingawa mkataba wake ulikuwa umekwisha. Alikwenda mahakamani, na mwaka 1963 Jaji Wilberforce akaamua kwamba utaratibu ule wa kumshikilia mtu ulikuwa kizuizi kisicho cha haki juu ya kazi yake. Jaji huyo, kwa taarifa yako msomaji, alikuwa mmoja wa wazao wa William Wilberforce, yule mbunge aliyepigania kukomeshwa biashara ya watumwa. Kisha akaja Mbelgiji Jean-Marc Bosman, ambaye mkataba wake na klabu ya Liège ulikwisha mwaka 1990 lakini akashindwa kwenda Ufaransa kwa sababu ya mvutano wa ada. Kesi yake ilifika mahakama ya Ulaya iliyoko Luxembourg, na Desemba 1995 ikaamuliwa kwamba mchezaji aliyemaliza mkataba anaweza kuhamia klabu ya nchi nyingine ya Umoja wa Ulaya bila klabu ya zamani kudai ada. Baada ya hapo taratibu za ndani ya England nazo zikalegezwa.

Sisemi kuwa wachezaji wale walikuwa watumwa. Mtumwa halipwi mshahara wala hapigiwi makofi. Ninachosema ni kwamba mtu ambaye mkataba wake umekwisha, na bado anaambiwa hawezi kwenda mpaka alipiwe, amefanywa mali. Campbell alikuwa mmoja wa wachezaji wakubwa wa mwanzo wa England kuitumia haki hiyo waziwazi, na pengine sehemu ya hasira ile ilitokana na hilo. Watu hawakuzoea kumwona mchezaji akiondoka na thamani yake mwenyewe mkononi.

Wapo watakaosema alifuata fedha. Magazeti ya Uingereza yaliandika kwamba mshahara wake Arsenal ulikuwa miongoni mwa mikubwa kabisa nchini humo wakati ule. Sawa. Lakini tangu lini mtu kutafuta ujira mzuri zaidi baada ya kumaliza kazi ya kwanza ikawa khiyana? Mfanyabiashara wa Kariakoo anayemwita Campbell mroho, yeye mwenyewe kodi ya fremu ikipanda hahami? Hata hivyo hakufuata fedha peke yake. Arsenal ilichukua ubingwa 2002, ikauchukua tena 2004 bila kupoteza mechi hata moja ya ligi, naye akiwa katikati ya ngome. Kile alichosema anakitafuta, alikipata.

Hoja ya pili ni ya fadhila. Wanasema Tottenham ilimlea. Ni kweli, na fadhila hailipiki kirahisi. Lakini ulezi ule ulikuwa na malipo yake. Tangu 1992 mpaka 2001 aliwalipa kwa jasho, magoti na vifundo vya miguu. Mwenye kufadhili halafu akadai aliyefadhiliwa asiondoke milele, hakufadhili, alikopesha. Na kukopesha kwa riba ya maisha mazima ya mtu tunajua hukumu yake.

Hoja ya tatu ndiyo nzito, nami sitaipita kwa juu juu. Wapenzi wa Tottenham wanasema kwamba kabla ya kuondoka alishatamka hadharani, katika jarida la klabu yao, kuwa hatachezea Arsenal kamwe, na kwamba katika msimu ule wa mwisho aliwaachia matumaini ya kubaki. Hapa hatuko tena kwenye mkataba, tuko kwenye neno. Na neno la mtu lina uzito hata kama halina mhuri wa wakili.

Wanazuoni wamelijadili jambo la ahadi ya upande mmoja kwa upana. Wengi wao wanasema kuitimiza ni tabia njema inayosisitizwa sana, na kuivunja bila udhuru ni aibu kwa muumini, lakini kadhi hawezi kumlazimisha mtu. Baadhi ya wanazuoni wa Kimaliki wakaona ahadi inalazimu pale ambapo aliyeahidiwa ameingia gharama kwa kuitegemea. Tukipima kwa kipimo hicho, Tottenham wanaweza kusema: tulikuamini, hatukukuuza mwaka mmoja kabla tulipoweza kupata mamilioni, tukabaki mikono mitupu. Hoja hiyo ina maana. Ingawa nao wataulizwa: tarehe ya mwisho wa mkataba hamkuijua? Mfanyabiashara anayeijua tarehe na akangoja, ameingia kwenye hatari kwa macho yake.

Kwa hiyo hapa simsafishi Campbell moja kwa moja. Kama alitamka neno lile, alitamka jambo ambalo kijana wa mpira hana haki ya kulitamka, maana hakuna ajuaye kesho yake. Ndiyo maana sisi tumefundishwa kusema inshaallah, si kwa mazoea ya ulimi, bali kwa kukiri kwamba kesho haiko mikononi mwetu. Aidha, namna ya kuachana ina adabu yake. Qur’an, katika Suratul Baqara, inapozungumzia mume na mke wanaoachana, inawakumbusha wasisahau wema baina yao. Yaani hata pale ambapo haki imekwisha kugawanywa, kuna kitu juu ya haki. Mtu anaweza kuwa na haki ya kuondoka na bado akabaki na deni la namna alivyoondoka. Kati ya klabu zote za dunia, kuchagua ile moja iliyokuwa inawauma zaidi waliompenda, hilo ni haki yake, lakini haki nyingine huumiza, na mwenye kuumiza asishangae machozi.

Ila machozi ni kitu kimoja na dhulma ni kitu kingine. Na hapa ndipo ninapotaka msomaji tusimame pamoja.

Hebu tazama mizani ya watu wale wale. Kocha aliyeipa Tottenham lile kombe la 1999 alikuwa George Graham, mtu aliyeifundisha Arsenal tangu 1986 mpaka 1995 na kuipa ubingwa mara mbili. Tottenham ilimchukua mwaka 1998 kutoka Leeds United, msimu ukiwa umekwisha kuanza. Wapenzi wengi hawakumpenda, lakini klabu ilimwajiri na kombe walilipokea. Machi 2001, miezi michache tu kabla ya Campbell kuondoka, Glenn Hoddle aliiacha Southampton katikati ya msimu akaja kuifundisha Tottenham, na huku alikoingia akapokewa kama mwana aliyerudi nyumbani. Katika msimu huo huo Alan Sugar, aliyekuwa akiitawala klabu, aliuza sehemu kubwa ya hisa zake kwa kampuni ya ENIC, akaondoka kwenye uenyekiti. Kocha akihama, ni maendeleo. Tajiri akiuza, ni biashara. Beki akimaliza mkataba, ni Yuda. Huu ni uadilifu gani?

Mwaka 2009 Campbell mwenyewe alitia saini mkataba wa miaka mitano na Notts County, klabu ya daraja la chini, akacheza mechi moja tu wakafungwa, kisha mkataba ukavunjwa kwa makubaliano. Watu walicheka, wengine walishangaa, lakini Yuda hakutajwa. Kwa hiyo hasira ya 2001 haikuwa juu ya mikataba hata kidogo. Ilikuwa juu ya upande. Kwa Kiarabu jambo hilo linaitwa asabiyya, kumpenda mtu kwa kuwa ni wa kwetu na kumchukia kwa kuwa ni wa kwao, halafu kuupa ule upendo na ile chuki jina la haki.

Na asabiyya haina breki. Ilianza na maputo. Septemba 2008 Campbell akiwa Portsmouth, klabu aliyoiongoza kama nahodha kuchukua Kombe la FA mwaka huo huo, walikutana na Tottenham. Kundi la mashabiki likamwimbia nyimbo chafu za kumdhalilisha utu wake na rangi yake, kiasi kwamba polisi waliingilia kati, wakasambaza picha za washukiwa, na baadhi yao wakafikishwa mahakamani na kutiwa hatiani mwaka 2009. Hiyo ilikuwa miaka saba baada ya mtu kumaliza mkataba wake. Kama kweli alikuwa na kosa la neno moja alilotamka, je, adhabu yake ni hiyo? Nani aliipima?

Suratul Maida hiyo hiyo inayoanza kwa kuamrisha mikataba itimizwe, katika aya ya 8 inatutahadharisha kwamba chuki yetu juu ya watu isitufanye tuache uadilifu. Naona mpangilio huo una somo. Sura moja inamwambia anayetoka: timiza ulichokubali. Na inamwambia aliyeachwa: uchungu wako si leseni. Suratul Hujurat nayo inakataza watu kubandikana majina ya kejeli. Hakuna palipoandikwa kwamba katazo hilo linasimama dakika 90 mpira unapochezwa.

Tusidhani haya ni ya Waingereza. Mchezaji akivuka kutoka Msimbazi kwenda Jangwani, au akarudi kutoka Jangwani kwenda Msimbazi, tunajua anavyopokewa, na tunajua mama yake anavyotajwa. Wanaomtaja mama yake wengine wana sijda kwenye paji la uso.

Na wala si mpira tu. Katika kazi yetu ya ualimu namjua mwenzetu aliyefundisha shule moja binafsi kwa miaka kadhaa kwa mshahara uliokuwa unachelewa. Mkataba wake ulipokwisha alipata shule nyingine iliyomlipa vizuri zaidi, akaaga kwa heshima. Maneno aliyoambiwa na uongozi ni kwamba ameisaliti taasisi na ameuza dini kwa dunia. Mtu ana watoto watatu na kodi ya nyumba! Wale waliochelewesha mshahara hawakuitwa wasaliti, ingawa mafundisho ya Mtume (s.a.w.) yanahimiza mfanyakazi alipwe kabla jasho lake halijakauka. Ukiangalia vizuri utaona neno “usaliti” mara nyingi hutumiwa na mwenye nguvu ili asilipe thamani halisi ya mtu. Anaomba bure, kwa jina la mapenzi, kile ambacho kwa jina la haki angetakiwa kukinunua.

Kwa hiyo nawafundisha vijana kutenganisha vitu vitatu. Kuna mkataba, huo unadaiwa na sheria na ni lazima utimizwe. Kuna ahadi, hiyo inadaiwa na dhamiri na mbele ya Mwenyezi Mungu, na mwenye akili huifanya chache. Na kuna matarajio, yale tuliyoyajenga wenyewe vichwani mwetu juu ya mtu tunayempenda. Haya ya tatu hayadaiwi na yeyote. Ukimpenda beki, jezi uliinunua wewe na bango ulilibandika wewe ukutani. Akiondoka una haki ya kuhuzunika, huna haki ya kumhukumu kwa mkataba ambao yeye hakuutia saini.

Februari 2006, Arsenal ikicheza na West Ham, Campbell alifanya makosa mawili yaliyozaa mabao, na ilipofika mapumziko akaondoka uwanjani kimya, hakurudi. Watu walimcheka. Miezi mitatu baadaye, mjini Paris, katika fainali ya Ligi ya Mabingwa Ulaya dhidi ya Barcelona, ni yeye aliyeifungia Arsenal bao lao la pekee kwa kichwa, ingawa walifungwa 2-1. Namtaja hapa kwa sababu tunasahau kwamba ndani ya jina tunalolitukana kuna mtu, ana siku yake ya kuanguka na siku yake ya kuinuka kama sisi.

Basi nikiulizwa hukumu yangu, nasema hivi: Campbell hakuvunja mkataba, huenda alivunja neno, na kwa yakini alivunja mioyo. Neno ni baina yake na aliowaambia. Mioyo huponywa na wakati. Lakini wale waliomwimbia matusi miaka saba baadaye, na sisi tunaolirudia jina lile huku Dar es Salaam na Mombasa bila kujua hata mkataba ulikwisha lini, tutaulizwa kwa ndimi zetu wenyewe, wala hatutaulizwa yeye alikwenda klabu gani.

Wallahu a’alam.